Benzi la Constantine

Jumamosi ile Harieth alivaa gauni kuukuu kwa makusudi, mtu asije akasema mjane amejipamba. Akajitazama kwenye kioo, akalivua, akavaa jingine, kuukuu vilevile lakini linalomkaa vizuri. Wanawake wenzangu mnanielewa. Kisha akajifunga kitenge juu yake kuficha hata huo uzuri mdogo, akatoka kwa mlango wa nyuma huku moyo ukimwenda mbio, yeye mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mtaalamu wa maabara anayeamkiwa na nusu ya mji wa Bariadi.

Ilikuwa siku ya mwisho. Hilo ndilo lililomkosesha raha tangu alipoamka. Gari likikamilika leo, kesho shemeji yake Mayige, ndugu wa marehemu, angekuja kulichukua kama mali ya ukoo, kulipeleka kwao Mwandoya, na Rogasian asingekuwa tena na sababu ya kukanyaga ua ule.

Gari lenyewe lilikuwa Benzi la zamani, rangi ya maziwa, limesimama chini ya banda la bati nyuma ya nyumba. Marehemu mume wake, Constantine, alilikuta limetelekezwa kwenye nyasi nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Watu walimcheka alipolivuta kwa trekta hadi nyumbani. Yeye akasema, "Hili limebeba wakubwa. Nitalirudishia heshima yake." Akafungua injini, akapanga vyuma vyake juu ya meza, akasafisha kimoja kimoja jioni baada ya kazi. Ndipo figo zikamwangusha. Siku alipolala wodini na kujua kwamba hatoki, alimshika mkono rafiki yake wa ofisini, Rogasian, akamwambia amalizie gari. Rogasian akaahidi.

Tangu hapo miaka mitatu ilikuwa imepita, na Jumamosi karibu zote Rogasian alikuwa chini ya banda lile. Alichomelea sakafu iliyoliwa na kutu, akaifunga injini upya, akapiga msasa mbao za dashibodi mpaka zikaonyesha mistari yake, akatafuta ngozi ya viti mpaka Mwanza. Harieth alimletea chai. Mwanzoni aliiacha juu ya meza ya vyuma na kurudi ndani. Baadaye akawa anasubiri kikombe. Baadaye zaidi, jamani, akawa anakaa.

Hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Pikipiki ililia nje ya geti. Rogasian akaingia, mrefu, mkimya, ovaroli lake la bluu limepauka mabegani. Hakwenda bandani moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye baraza la uani, alikokuwa amekaa Mayu Sayi, mama mzazi wa Constantine, akichambua dengu kwenye ungo. Bibi yule macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, vidole vyake ndivyo vilivyotafuta mawe. Alikuwa ameletwa kutoka Mwandoya wiki mbili zilizopita, eti kwa matibabu ya macho. Harieth hakuwa mtoto. Alijua mama mkwe ametumwa kuja kumlinda.

Rogasian akainama, akamwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Umekuja kumaliza?"

"Nimekuja kumaliza, mayu. Zimebaki breki tu."

"Basi maliza," Mayu Sayi akasema, na vidole vikarudi kwenye dengu.

Alipofika bandani, Rogasian alimtupia Harieth jicho la haraka, kisha akaanza kutazama spana zake kana kwamba ndizo alizokuja kuzisalimia.

"Habari za asubuhi, shemeji."

"Nzuri, shemeji. Za kwako?"

"Nzuri."

Shemeji! Mke wa rafiki yako ndivyo anavyoitwa, na ni jina zuri, lina heshima, lina utani. Lakini Harieth alikuwa amelichoka. Kila Rogasian alipolitamka, aliona kama analifunga geti kwa ndani.

"Nitakuhitaji leo," Rogasian akasema bila kuinua macho. "Breki zikishafungwa upya, ndani ya mirija kunabaki upepo. Ukikanyaga, unakanyaga upepo, gari halisimami. Lazima tuutoe, na mtu mmoja hawezi. Wewe unakaa kwenye usukani, unakanyaga na kushikilia. Mimi nipo kwenye tairi, nalegeza nati, upepo unatoka, nakaza. Nikishakaza ndipo nakwambia uachie. Ukiachia kabla sijakaza, upepo unarudi ndani."

"Nimeelewa."

"Usiachie mpaka niseme."

"Nimesema nimeelewa, shemeji."

Angeweza kumwita kijana yeyote wa mtaani aje amkanyagie. Hakumwita, na Harieth hakuuliza kwa nini.

Akavua ndala, akaingia kwenye gari. Ngozi ilinukia upya. Mbele yake usukani mkubwa, mwembamba, ambao Constantine hakuwahi kuugeuza hata mara moja. Harieth akaweka mguu mtupu kwenye pedali. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Rogasian akipotea nyuma ya gari, upande wa kushoto, tairi lililo mbali kuliko yote, kwa sababu huko ndiko kunakoanziwa. Hapo wakawa hawaonani tena. Wana sauti tu.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Tena. Tena. Shikilia."

"Nimeshikilia."

Akasikia spana ikilegeza. Pedali ikazama taratibu chini ya mguu wake.

"Achia."

Wakaendelea hivyo. Kanyaga, shikilia, achia. Ni kazi isiyo na fahari yoyote, lakini nawaambia, mwanamke aliyekaa peke yake muda mrefu anaweza kuisikia sauti ya mwanamume ikimwambia "shikilia" na machozi yakamlengalenga. Harieth akajikaza kisabuni. Wakamaliza tairi la kwanza. Rogasian akahamia nyuma upande wa kulia.

"Shemeji," Harieth akaita, akiitazama dashibodi. "Kesho Mayige akilichukua gari, wewe Jumamosi utakuwa unafanya nini?"

"Kanyaga."

"Nimekuuliza."

"Nimesikia. Kanyaga kwanza."

Akakanyaga.

"Shikilia. Sitakuwa na Jumamosi hapa, shemeji. Nimeomba uhamisho. Umetoka juzi. Nakwenda Njombe."

Mguu wa Harieth ukainuka wenyewe.

"Umeachia!" Rogasian akasema. "Nilikuwa sijakaza. Upepo umerudi."

Njombe! Alijaribu kuifikiria Njombe, akaona ukungu tu na baridi, na mtu aliyevaa ovaroli la bluu akitembea ndani yake bila kugeuka nyuma.

"Ulikuwa uniambie lini?"

"Leo. Nikimaliza."

"Kumbe ungemaliza, unawe mikono, useme kwaheri shemeji."

"Ndivyo nilivyopanga."

"Kwa nini uombe uhamisho? Ofisi imekukosea nini?"

"Ofisi haijanikosea." Sauti yake ilitoka chini, karibu na ardhi. "Kanyaga tena, tuanze upya hili tairi."

Akakanyaga kwa hasira. Wakalirudia tairi lile mpaka pedali ikaanza kuwa ngumu kidogo. Rogasian akabeba chupa yake na mpira wake mwembamba wa kukingia mafuta ya breki, akaja mbele upande wa kushoto. Sasa Harieth angeweza kuona nusu ya bega lake juu ya boneti. Akaona pia mvi chache nyuma ya sikio, ambazo miaka mitatu iliyopita hazikuwepo. Zimeotea humu humu bandani, akawaza, na mimi nilikuwepo.

"Nimeomba uhamisho," Rogasian akaanza mwenyewe, spana mkononi, "kwa sababu siwezi kukaa mji huu halafu nikapita barabara hii nisiingie. Shikilia. Nimejijaribu. Ile wiki niliyosema naumwa sikuwa naumwa. Nilikuwa najaribu kama naweza kukaa Jumamosi nyumbani kwangu. Nilifua nguo. Nikazifua tena. Achia."

Harieth akaachia.

"Na ulidhani mimi siku hiyo nilifanya nini?" akauliza polepole. "Nilipika chai, Rogasian. Nikaileta bandani, nikakaa nayo mpaka ikapoa."

Alikuwa amemwita kwa jina. Likatoka hivyo tu, bila shemeji mbele yake, na wote wawili walilisikia. Rogasian alibaki ameinama bila kusogea.

"Usiniite hivyo."

"Ndilo jina lako."

"Mumeo alinishika mkono kitandani. Alinipa gari. Hakunipa..." Akaigeuza spana mkononi. "Watu watasema nilikuwa nasubiri afe. Watasema kila bolti niliyofunga hapa, nilikuwa nafunga kwa ajili yangu. Mayige ameshasema. Anasema sisi Wahaya wawili tulijuana tangu huko kwetu, marehemu ndiye aliyekuwa mgeni."

"Mayige anasema mengi."

"Nami nitamjibu nini? Kwamba sikupendi?"

Lo! Neno lilikuwa limetoka, na halikurudi. Harieth alifumba macho. Miaka yote ile alidhani siku atakapolisikia atafurahi, kumbe alihisi maumivu, ya mtu anayeamshwa kiungo kilichokuwa kimekufa ganzi.

"Nisikilize," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imara. "Mimi ndiye niliyemfumba Constantine macho, kwa mkono huu. Mimi niliyemwogesha kitandani alipokuwa hawezi kujigeuza. Usinifundishe namna ya kumheshimu. Nilimpenda akiwa hai, nilimpenda akifa, na sasa hivi bado nikipika samaki namtengea kichwa kabla sijakumbuka. Hilo halitaondoka. Lakini amekufa, Rogasian. Mimi sijafa. Kila mtu amenizika naye, na wewe unataka kuwa wa mwisho kutupa udongo."

Rogasian alihamia tairi la mwisho, la mbele upande wa kulia, pale pale chini ya mlango wa dereva. Mlango ulikuwa wazi. Alipiga magoti, na kichwa chake kikawa karibu na goti la Harieth kiasi cha kulisikia joto lake. Bado hakumtazama.

"Kanyaga."

"Likiisha hili umemaliza?"

"Nikishakaza, nimemaliza."

Akakanyaga. Tena. Tena.

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Rogasian akalegeza nati. Mafuta yakatiririka kwenye mpira, mapovu yakatoka, makubwa, kisha madogo, kisha yakaisha. Mafuta yakaja safi. Kazi imekwisha. Akaishika spana ili akaze.

Harieth akainua mguu.

Aliuinua polepole, akijua anachofanya, akiutazama mguu wake mwenyewe ukipanda. Upepo ukanyonywa ndani kwa mlio mdogo. Rogasian akainua uso, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile wakatazamana. Yalikuwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi.

"Umeachia," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeachia."

"Kwa makusudi."

"Kwa makusudi. Na ukianza upya nitaachia tena. Kaa hapo chini mpaka usiku, nitaachia. Hutalimaliza hili gari uende Njombe, labda unipe jibu. Unanitaka au hunitaka?"

"Harieth..."

"Eh. Hatimaye nina jina!" Alicheka na kulia pamoja.

Rogasian akafuta mkono kwenye ovaroli, akautazama, akaufuta tena, na bado ulikuwa na mafuta. Akauweka hivyo hivyo juu ya mguu mtupu wa Harieth uliokuwa umening'inia karibu na pedali. Hakuubana. Aliuweka tu, kichwa kimeinama.

"Nakutaka," akasema. "Mungu anisamehe. Nakutaka mpaka naona aibu kuingia kanisani."

"Mnaongea nini hapo?"

Mayu Sayi alikuwa amesimama kwenye mwanga mlangoni mwa banda, fimbo mkononi, kitambaa cheupe kichwani. Rogasian alinyanyuka ghafla mpaka akajigonga kwenye mlango wa gari. Alama ya vidole vyake, nyeusi, ilibaki juu ya mguu wa Harieth, na Harieth akauficha mguu chini ya kitenge ingawa alijua bibi hawezi kuuona.

"Breki, mayu," Rogasian akasema.

"Breki." Mayu Sayi alisogea. Mkono wake ukalipapasa gari, taa, boneti, ukafuata ukingo wa mlango, ukakaa juu ya kioo. "Nimekuwa nasikia hizo breki tangu asubuhi. Macho ndiyo mabovu. Masikio ni yangu."

Akageuza uso upande wa usukani.

"Harieth."

"Abee, mayu."

"Mayige alinileta hapa nikulinde. Aliniambia, nenda mama, watu wale wana lugha yao, utawakamata. Nikaja. Nimekaa kwenye baraza lile Jumamosi hii ya tatu, natega sikio." Akaegemea fimbo. "Mngeweza kuongea Kihaya mbele yangu. Ningesikia nini mimi? Ningekaa kama gogo. Hamkuongea hata neno moja. Hata chumvi mliombana kwa Kiswahili. Hata leo, maneno mazito kama haya, mmeyasema kwa lugha ninayoisikia, na mlijua nipo."

Ni kweli. Harieth hakuwahi kukaa akapanga na Rogasian jambo hilo. Tangu siku bibi alipofika, kila mmoja kwa upande wake alikuwa ameifungia lugha ya kwao, asije mama wa watu akaona anafichwa kitu nyumbani kwa mwanawe.

"Mayu, nisamehe," Rogasian akasema, na akapiga magoti kwenye udongo uliolowa mafuta. "Nilimwahidi mwanao gari tu. Haya mengine sikuyaahidi. Ukisema niondoke, naondoka sasa hivi. Njombe naenda Jumatatu."

"Na ukienda, huyu atabaki na nani?"

Rogasian akaokota spana, akairudisha chini.

"Na mimi?" sauti ya Mayu Sayi ikapasuka. "Constantine ndiye aliyekuwa akinijibu nikiita usiku. Wiki hizi mbili nikiita, anajibu huyu. Ananiosha miguu. Ananisomea Zaburi kwa Kiswahili chake cha Bukoba. Mayige anataka gari, ataliendesha mnadani akaonwe na watu. Mimi sikuzaa gari!" Alipiga fimbo chini. "Nilikuja nikiwa na hasira. Nilitaka niwakute na ubaya, nikuchukie, Harieth, ili iwe rahisi. Nimekosa cha kuchukia. Sasa nifanye nini?"

Harieth alitoka kwenye gari, akamkumbatia. Bibi hakumkumbatia, lakini hakumsukuma. Walisimama hivyo kitambo, wajane wawili wa nyumba moja, wakilia kila mmoja kivyake. Rogasian alibaki magotini na hakujua aiweke wapi mikono yake.

Baadaye Mayu Sayi alijifuta kwa ncha ya kitambaa.

"Wewe, inuka. Maliza hizo breki. Tunakwenda Mwandoya."

"Leo, mayu? Gari nimelijaribu humu uani tu."

"Leo. Mayige asije kulichukua hapa kama mwizi. Tutalipeleka wenyewe, na nitasema mbele ya ukoo wote. Watakasirika. Wengine hawatakuja hapa tena, ujue hivyo, Harieth. Watakuita majina."

"Najua, mayu."

"Unajua, lakini bado hujayasikia. Nenda kavae."

Safari hii Harieth alikanyaga na kushikilia mpaka alipoambiwa, na pedali ikasimama juu, ngumu, kama inavyotakiwa. Akaenda akanawa uso, akavaa gauni zuri bila kujiuliza mara mbili.

Aliporudi, injini ilikuwa inanguruma kwa sauti ya chini, tulivu, na Rogasian amekaa kwenye usukani, amebadili shati. Harieth alifungua mlango wa mbele wa abiria, akamshika mama mkwe mkono, kama adabu inavyotaka.

"Karibu, mayu. Kaa mbele."

Mayu Sayi alisimama. Akapapasa mpaka akaupata mlango wa nyuma, akaufungua mwenyewe.

"Mayu, huko ni nyuma."

"Najua ni nyuma. Mbele ni pako." Aliingia kwa shida, akaweka fimbo miguuni. "Ukikaa hapo, wewe si mke wa mwanangu tena. Mji mzima utaona. Sitakuita tena mkwe. Umesikia?"

Harieth akaingia mbele, akageuka nyuma. "Na mimi nitakuita nani?"

"Niite mayu," bibi akasema. "Hilo halikuwa la Constantine peke yake."

Wakatoka getini. Majirani walisimama vibarazani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mpunga alinyoosha shingo, akahesabu vichwa, akaona nani kakaa wapi, akafunika mdomo kwa kiganja. Rogasian hakuongeza mwendo. Wakapita sokoni, wakapita stendi, wakashika barabara ya Kisesa, mashamba ya pamba huku na huku, meupe, yakisubiri kuvunwa.

Mjini kukaisha. Rogasian akausogeza mkono wake wa kushoto mpaka ukakaa kati ya viti viwili, kiganja juu. Harieth aliuona. Miaka mitatu alikuwa ameutamani mkono ule. Lakini nyuma yake alisikia pumzi ikikatika, ikarudi, ikakatika tena. Mayu Sayi alikuwa analia kimyakimya, kiganja chake kikipapasa ngozi ya kiti, kiti cha gari la mwanawe ambalo mwanawe hakuwahi kulipanda likitembea.

Harieth aligeuka, akaupitisha mkono wake kati ya viti, juu ya mkono wa Rogasian, akaunyoosha hadi nyuma. Bibi aliutafuta, akaupata, akaushika kwa nguvu. Rogasian alitazama kwenye kioo, akaelewa, akaurudisha mkono wake kwenye usukani. Wakaenda hivyo mpaka Mwandoya, na Harieth hakuuvuta mkono wake hata ulipokufa ganzi.